Mbona Moli za Marekani Zinakufa? Jibu Limo Kwenye Mkataba wa Pango

Karibuni tena. Swali ni lile lile chini ya kila video: "Huko si kuna hela, mbona moli zinafungwa?" Haya, leo najibu. Na kabla hujaandika kwamba naringa au nalialia, sikiliza kwanza: hapa ni hesabu ya pango tu.

Moli, yaani jengo moja kubwa lenye maduka mengi ndani, mnaijua, naruka. Ile ya kwanza iliyofunikwa yote na kutiwa kiyoyozi ni Southdale, Minnesota, 1956, kazi ya Victor Gruen, msanifu aliyekimbia Vienna ya Wanazi. Mwaka 1954 sheria ya kodi iliwaruhusu wenye majengo mapya kutoa upesi gharama ya uchakavu wa jengo kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kujenga kukawa njia ya kupunguza kodi, na moli zikaota hata pasipo na wanunuzi wa kutosha.

Sasa kifo chenyewe. Duka kubwa la pembeni, mfano Sears, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, lilipewa pango la chini mno, au lilimiliki jengo lake, maana ndilo lililovuta watu. Vijiduka vya katikati ndivyo vilivyombeba mwenye moli. Ila mikataba mingi ya vijiduka hivyo ina kipengele: kubwa likihama na nafasi isijazwe kwa muda uliokubaliwa, mdogo anaacha kulipa pango kamili, anatoa asilimia ya mauzo, au anafungasha bila faini. Sears iliangukia mahakama ya mufilisi Oktoba 2018, na vipengele hivyo vikaamka.

Taa, usafi na walinzi havishuki bei; waliobaki wanagawana bili. Mwenye jengo anaahirisha paa. Paa ni bapa, maji yanatuama, dari inaanguka, ukungu unaingia. Hapo mkopo wa miaka 10 aliochukulia jengo unafika mwisho, deni lililobaki linadaiwa kwa mkupuo, na hakuna benki inayokopesha jengo tupu.

"Intaneti ndiyo imeua." Nusu ya jibu, na nimechoka kuisoma! Ingawa kule Randall Park, Ohio, moli ya 1976, ilipobomolewa, Amazon, duka la mtandaoni, ilijenga ghala papo hapo.

Na mnaouliza mbona moli ya Ukraine iliyopigwa vitani iliteketea: tarehe 27 Juni 2022 moli ya Amstor, mjini Kremenchuk, ilipigwa kombora, wakafa watu wasiopungua 20. Jengo la namna hii moto hulimaliza haraka. Ukumbi ni mpana, nguzo chache, paa limebebwa na chuma chembamba, na chuma kikifika nyuzi 600 hivi nguvu yake hubaki karibu nusu. Mlipuko ukikata mabomba ya kuzimia moto, hakuna cha kupooza. Halafu makaratasi: bima ya kawaida ya mali haifidii vita. Stoo yako ikiteketea, hasara ni yako.

Siwapi ushauri wa sheria, kila mkataba na lake. Ila ukipanga fremu ndani ya moli, kabla ya kusaini soma mambo matatu: nani analipa bili za pamoja, nini kinatokea duka kubwa likihama, na ukurasa wa yale ambayo bima haiyagusi. Huo wa mwisho huwa na maandishi madogo kuliko yote.