Maharage ya Mama wa Pangani

MUDI: Wasikilizaji, leo msinicheke. Mama yangu karudi Pangani juzi, na kabla hajapanda basi kaniachia wosia: "Mwanangu, huku Njombe si kwa kuishi watu."

UPENDO: Kisa baridi?

MUDI: Baridi kaivumilia, kajifunga khanga mbili na koti langu. Kisa maharage.

UPENDO: Kaka Mudi, tulikubaliana leo ni mambo manne ya kumwandaa mtu anayehamia nyanda za juu. Nimeyaandika hapa.

MUDI: Tutayafikia. Bi mkubwa kaja na nazi zake kutoka kwetu, maana hamwamini mtu wa Njombe kwenye nazi. Kayabandika maharage baada ya adhuhuri. Alasiri ikapita. Magharibi anafunua, anachukua punje, anaibinya: ganda linatoka, ndani bado peupe, pagumu. Anaongeza maji, anachochea kuni. Kaswali Isha, karudi, yaleyale. Akanitazama. "Nimeuziwa kokoto. Kesho nayarudisha."

UPENDO: Usiniambie aliyarudisha.

MUDI: Wallahi! Asubuhi kashika kikombe cha bati, ndani yaliyopikwa, ushahidi. Yule mama wa sokoni kaangalia, kamwamkia, kamuuliza, "Mama umetokea wapi?" Pwani. "Basi maharage ni mazima. Ni huu mlima."

UPENDO: (anacheka) Lakini ni kweli. Pale Pangani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda, hewa inayoyakandamiza inapungua, yanachemka mapema kwa joto dogo, na yakishachemka joto halipandi tena. Kila mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Hapa Njombe tuko karibu mita 2,000, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au hapo hapo. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama 91. Sasa mama anachochea kuni akidhani anaongeza joto, kumbe anakausha maji tu.

MUDI: Nilimweleza. Kanijibu, "Maji yaliyochemka yamechemka, usinisomeshe."

UPENDO: Sisi kwetu Matamba, kule Makete, yanalowekwa tangu usiku, unatia magadi kidogo, na unauliza kabla ya kununua kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima, hata magadi hayasaidii sana. Ila kaka, na wewe mtu wa Tanga, Lushoto si mlima?

MUDI: Mie wa Pangani, dada. Lushoto nilikwenda kwa harusi, na pilau waliyatoa saa nane usiku. Sasa nimejua kwa nini.

UPENDO: Usiwasingizie Wasambaa!

MUDI: Haya. Basi Jumatano nikanunua presha kuka. Mvuke unafungiwa ndani, joto linapita 100 hata ukiwa Kitulo. Nikatia maharage yaleyale ya kesi. Nimepiga simu mbili tatu, yameiva. Nikampigia mama picha nikamtumia.

UPENDO: Baada ya hapo ukafanya nini?

MUDI: Nikala.

UPENDO: Baada ya kula?

MUDI: Nikaingia kwenye blanketi na simu.

UPENDO: Ehee! Sebule ya mlimani ni jikoni, kaka. Yale masaa ya maharage ndiyo yanayotupasha moto. Mwezi wa saba kule kwetu barafu inaunguza viazi shambani, utakaa wapi? Kuni za muwati zinawaka, bibi yuko kwenye kigoda, watoto wanaandika kazi za shule, unga wa maandazi umefunikwa pembeni uumuke. Ukipika kwa nusu saa, bado utawasha moto wa kuota. Umelipia mara mbili.

MUDI: Na moshi je? Mama yako anakohoa au hakohoi?

UPENDO: Anakohoa.

MUDI: Basi.

UPENDO: Basi nini? Jenga dohani, toboa ukuta juu. Hujatatua moshi kwa kununua sufuria. Na wanaofunga mlango wakaingiza jiko la mkaa chumbani ndio wanaokufa usingizini, ile hewa haina hata harufu.

MUDI: Hapo sibishi. Nakuuliza hivi: kwenye huo moto wenu, wanaume wako wapi?

UPENDO: Wapo. Ndipo wanapokuja.

MUDI: Wanakuja kuota. Mwanamke kaja kupika. Hamkai moto mmoja hao. Kuni kazibeba nani? Presha inampa jioni yake.

UPENDO: Inampa nini! Ukimpunguzia masaa mawili jikoni utamkuta shambani anapalilia. Pale kwenye mafiga ndipo anapokaa chini. Mimi habari zote za ukoo nimezijulia pale.

MUDI: Kukaa chini huku unachochea moto na macho yanatoka machozi si kupumzika, dada Upendo.

UPENDO: Wewe umekaa pale siku ngapi?

MUDI: Mama yangu alikaa siku moja tu, akapanda basi.

UPENDO: Kwa sababu hakuwa na watu wa kukaa nao! Alikaa na wewe, mtu wa simu.

MUDI: Hiyo umenipiga, lakini sijakubali.

UPENDO: Sijakuomba ukubali. Mama hatapewa presha.

MUDI: Umemuuliza mwenyewe?

UPENDO: ...Hilo ni la kifamilia.

MUDI: (anacheka) Muulizeni, wasikilizaji. Aliyeko karibu na Matamba apande zile kona 57 za barabara ya kutoka Chimala akamuulize.

UPENDO: Na akifika ale kwanza. Fundi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili, na sijasoma hata moja kati ya mambo yangu manne.

MUDI: Soma la kwanza.

UPENDO: Jua. Mtu anaona baridi, hajikingi, kumbe huku juu jua linaunguza ngozi kuliko—

MUDI: Kuliko Pangani? Hapana. Hilo nalo nina ubishi nalo.

UPENDO: Basi yaache yote. Wiki ijayo ni mkulima wa parachichi, hayana nafasi.

MUDI: Yaweke kwenye daftari.

UPENDO: Yamo kwenye daftari tangu mwezi uliopita, kaka. Fundi, zima.