Kindege cha Njano Kimetoka Wapi?

Mhadhara wa jioni kuhusu ufuatiliaji wa ndege mubashara, kama ulivyotolewa mbele ya wanafunzi na wageni waalikwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wengine mlioliona tangazo getini mkaamua kuingia: habari za jioni.

Tarehe 2 Agosti 2022 ndege ya jeshi la anga la Marekani iliruka kutoka Kuala Lumpur kuelekea Taipei. Hewani ilijitambulisha kwa jina la SPAR19, na ndani yake alikuwemo Nancy Pelosi, wakati huo Spika wa Bunge la Wawakilishi. China, inayodai Taiwan ni yake, ilikuwa imeshatoa vitisho kuipinga ziara hiyo. Ndege ilipogusa ardhi, watu 708,000 walikuwa wakiitazama kwa pamoja kwenye Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege zikitembea kwenye ramani, na waliochungulia walau sehemu ya safari hiyo walifika milioni 2.92. Tovuti ikazidiwa. Fikirieni: safari ya kidiplomasia yenye ulinzi wa kila aina, na mtu amekaa kibarazani na simu yake anaona ndege inavyoizunguka Bahari ya China Kusini badala ya kuikata katikati.

Swali langu la leo ni moja tu. Kile kindege cha njano kinachotembea kwenye ramani kimetoka wapi? Nani kasema kipo pale?

Nikiwauliza watu, wengi hujibu "satelaiti". Wengine husema "rada". Kwa sehemu kubwa ya nchi kavu jibu ni la kawaida zaidi: antena iliyo juu ya paa la nyumba ya mtu, mtu ambaye hata halipwi.

Tuanze na rada kwa kifupi. Rada ya zamani hurusha mawimbi, yanagonga mwili wa ndege, yanarudi. Inakuambia kuna kitu pale; haikuambii ni nani. Kwa hiyo ikaongezwa rada ya pili, inayouliza swali kwa redio, na ndani ya ndege kuna kifaa kiitwacho transponda kinachojibu: mimi ni fulani, niko kwenye mwinuko huu. Waongoza ndege wameishi na mifumo hiyo miwili kwa miongo mingi, na bado wanaitegemea.

Kisha ukaja mfumo wa ADS-B, na hapo mambo yakageuka. Katika mfumo huu ndege haisubiri kuulizwa. Inajua mahali ilipo kwa kutumia GPS, na takriban mara mbili kila sekunde inajitangazia yenyewe, kwenye masafa ya megahezi 1090: nipo hapa. Ujumbe mwingine unataja kasi na kama inapanda au inashuka, mwingine unataja jina la safari. Ni kama konda wa daladala aliyening'inia mlangoni anaita "Posta! Posta!" Anaita, uwe unapanda au hupandi. Asiyehusika naye anasikia. Na mnawajua makonda wetu: kuita Posta si hakikisho kwamba gari halitakatisha ruti pale Karume. (Kicheko.) Cheko hilo mlishike, tutalihitaji.

Ujumbe wenyewe haufichwi kwa namna yoyote. Naomba mtazame ukutani. Huu ni mfano maarufu sana wa kufundishia, ni ujumbe wa kweli wa ndege:

8D4840D6202CC371C32CE0576098

Herufi na tarakimu 28, basi. Angani ujumbe huu unachukua sehemu 120 za milioni ya sekunde. Hizo mbili za mwanzo, 8D, zinatuambia kwamba huu ni ujumbe wa ADS-B unaotoka kwenye transponda. Sita zinazofuata, 4840D6, ni anwani ya ndege. Kila nchi imegawiwa fungu lake la anwani. Hii imo katika fungu la Uholanzi. Ndege zilizosajiliwa Kenya huanza na 04C, za Tanzania huanza na 080, kwa hiyo hata kabla hujaona rangi ya mkia unajua imesajiliwa wapi. Zile 14 za katikati ukizifungua zinatoa jina la safari: KLM1023. Zinabaki sita za mwisho, 576098. Hizo ni tarakimu za ukaguzi. Kompyuta inapiga hesabu, na jibu likikubaliana na hizo sita, ujumbe umefika mzima, haukuharibika njiani.

Umefika mzima. Sikusema ni wa kweli. Hakuna saini pale, hakuna nywila. Tutarudi hapo.

Sasa, kuupokea ujumbe huu kunahitaji nini? Kijifaa cha USB chenye umbo la flashi, ambacho awali kilitengenezwa ili watu watazame televisheni kwenye kompyuta. Karibu mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba chipu iliyomo ndani yake inaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha masafa mengi mno. Ukiongeza antena fupi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na programu ya bure, kazi imekwisha. Flightradar24 yenyewe ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Sweden waliopenda ndege. Mwaka 2009 wakafungua mlango kwa yeyote mwenye kipokezi kutuma data zake. Wanaotuma hupewa huduma ya kulipia bila kulipa. Biashara kubwa ya dunia nzima imejengwa juu ya mapaa ya watu. Mimi naona ni jambo la kustaajabisha, na pia naona walipata bei nzuri sana.

Lakini mawimbi ya 1090 hayapindi kuufuata mviringo wa dunia. Chukua mwinuko wa ndege kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12: unapata umbali kwa kilomita ambao antena iliyo karibu na ardhi inaweza kuisikia. Ndege iliyo mita 11,000 inasikika hadi kilomita 430 hivi. Iliyo mita 300, kilomita 71 tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ni kama kilomita 300. Kwa hiyo antena iliyo Dar inaweza kuiona ndege kubwa inayopita juu ya Mombasa, lakini ile inayoshuka kutua uwanja wa Moi itazama chini ya upeo wake. Ndege haijapotea. Ni antena yako ndiyo isiyoisikia. Ikitokea hakuna antena nyingine Mombasa, ramani nayo itanyamaza.

Au mbaya zaidi, haitanyamaza. Programu hizi, zikikosa ujumbe wa ndege ambayo mwisho wa safari yake unajulikana, huendelea kwa muda kukisogeza kindege kwa makisio. Kinatembea vizuri, kinapendeza, na hakuna aliyekisikia. Bonyeza juu yake usome chanzo cha data. Watu wengi hawabonyezi.

Kwa ndege zenye transponda ya kisasa lakini zisizotangaza mahali zilipo, kuna njia nyingine. Vipokezi vinne au zaidi vinapousikia ujumbe uleule, kila kimoja kinausikia kwa wakati tofauti kidogo, na tofauti hiyo inakokotolewa kupata mahali. Wimbi la redio husafiri kama mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo saa za vipokezi lazima ziwe sahihi kupita kiasi. Ulaya, ambako kila mtaa una mtu mwenye antena, inafanya kazi. Kwetu vipokezi vimetawanyika mno.

Nije kwenye bahari, maana huko ndiko somo lilikojifunzwa kwa uchungu.

Usiku wa tarehe 8 Machi 2014 safari ya MH370 iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing saa 6:42, ikiwa na watu 239. Saa 7:19 rubani aliwaaga waongoza ndege wa Malaysia. Dakika mbili baadaye alama yake ikafutika kwenye skrini, kwa sababu transponda ilikuwa imeacha kutangaza. Rada za kijeshi, zile za kizamani zisizohitaji jibu, ziliiona ikigeuka kurudi magharibi hadi saa 8:22. Baada ya hapo kilichobaki ni antena ya mawasiliano ya satelaiti iliyoendelea kuitikia satelaiti ya Inmarsat karibu kila saa, hadi saa 2:19 asubuhi. Ile miitikio haikutaja mahali ndege ilipo. Wahandisi walipima muda ambao mawimbi yalichukua kwenda na kurudi, pamoja na mabadiliko madogo ya masafa, wakachora matao marefu juu ya Bahari ya Hindi. Kipande kikubwa cha bawa kilionekana kisiwa cha Réunion Julai 2015. Na kingine, wengi mmeshasahau, kiliokotwa Pemba yetu hii, Juni 2016. Wachunguzi wa Australia wakathibitisha Septemba kwamba ni sehemu ya bawa la ndege ileile. Bahari ililileta bawa hadi Pemba, wakati mitambo yote ya dunia haikuweza kusema ndege ilizama wapi.

Baada ya hapo dunia ilishtuka. Novemba 2015, mkutano wa masafa ya redio uliofanyika Geneva uliruhusu masafa ya 1090 yapokelewe na satelaiti. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga likaweka kanuni kuanzia Novemba 2018: ndege kubwa ikiwa juu ya bahari, kampuni yake iwe inajua ilipo walau kila dakika 15. Kampuni ya Aireon ikaweka vipokezi vyake ndani ya satelaiti za Iridium, 66 zinazofanya kazi, na kundi la mwisho likarushwa Januari 2019. Konda akapata wasikilizaji wa juu.

Miezi miwili baadaye vipokezi hivyo vikatumika kwa jambo zito. Asubuhi ya tarehe 10 Machi 2019, saa 2:38, safari ya Ethiopian 302 iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilianguka dakika kama sita baadaye. Walikufa wote 157, Wakenya wakiwa 32. Siku ileile Flightradar24 ilitoa takwimu za kasi ya kupanda na kushuka, na hazikuwa tulivu: inapanda, inashuka, inapanda. Lakini vipokezi vya chini vilikuwa vimeshaipoteza kabla haijaanguka. Satelaiti ndizo zilizokuwa na picha ndefu zaidi. Tarehe 13 Machi waziri wa uchukuzi wa Kanada alisimama mbele ya waandishi akasema data za satelaiti zinaonyesha kufanana na ajali ya Lion Air ya Oktoba 2018, ndege ya aina ileile, Boeing 737 MAX. Kanada ikazizuia. Marekani ikafuata siku hiyohiyo. Visanduku vyeusi vilikuwa bado havijasomwa. Mnaona? Nchi nyingi zilikuwa zimeshazisimamisha ndege hizo, lakini uamuzi wa Kanada na Marekani ulisukumwa na zile tarakimu 28 zilizokuwa zikijirudiarudia.

Sasa turudi kwa konda anayekatisha ruti. Ndege inatangaza mahali ambapo GPS imeiambia ipo. GPS ikidanganywa, ndege nayo itadanganya, kwa nia safi kabisa. Mwaka 2024 ndege zilizokuwa mashariki mwa Bahari ya Mediterania zilionekana kwenye ramani zimeegeshwa zote pamoja uwanja wa Beirut, huku abiria wakinywa chai juu ya mawingu. Mwaka huohuo Finnair ilisimamisha kwa karibu mwezi mzima safari za Tartu, Estonia, baada ya ndege mbili kushindwa kutua na kurudi Helsinki, kwa sababu njia ya kutua pale ilitegemea GPS na GPS ilikuwa ikivurugwa. Tarakimu za ukaguzi katika jumbe za namna hii zinaweza kukubaliana vizuri kabisa.

Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anapiga kelele, "ndege imeanguka, tazama imeshuka ghafla", muulize kwanza: ujumbe ulipokelewa na antena ngapi? Ulikatika ndege ikiwa kwenye mwinuko gani? Je, pale kuna antena inayoweza kuisikia ikiwa chini?

Kuhusu faragha sitakaa sana. Mwenye ndege binafsi Marekani anaweza kuomba afichwe kwenye ramani za biashara. ADS-B Exchange, tovuti nyingine ya ramani za ndege, haifichi mtu. Desemba 2022 Twitter ilifunga akaunti ya mwanafunzi aliyekuwa akitangaza safari za ndege ya Elon Musk. Mimi nasema tajiri anayetangaza kwa redio hewani hawezi kumlaumu mwenye masikio. Ila sitafurahi nikisikia mmoja wenu anaitumia programu hii kumvizia mtu anaposhuka uwanjani.

Maswali. Ndiyo, dada pale nyuma.

(Swali: mbona ndege nyingine ndogo za kwenda Zanzibar hazionekani kwenye simu?)

Ama haina ADS-B, ama inaruka chini na hakuna kipokezi cha kuisikia. Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili, weka antena yako Mjini Magharibi. Ikiendelea kutoonekana huku ikipita juu ya kichwa chako, basi haitangazi.

Na wewe kaka.

(Swali: nikimpokea mgeni anayetoka Dubai, nitoke nyumbani saa ngapi?)

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. (Kicheko.) Kindege kikifika usawa wa Tanga kimebakiza kama dakika 20 au 25 kutua Dar. Kutua si kutoka nje: kuna uhamiaji, kuna mizigo, na mgeni wa Dubai ana mizigo. Ukikaa Tabata, subiri umwone Tanga ndipo uoge. Ukitokea Mbezi saa 11 jioni, hakuna programu itakayokusaidia, toka sasa hivi.