Kirukia Ndani ya Euforbia: Kuotesha na Kutunza Viscum minimum

Mabibi na mabwana, karibuni. Ukikitazama chungu hiki kutoka safu za nyuma utasema kina dungusi. Sivyo. Ni euforbia, ndugu wa mnyaa tunaoupanda kuwa ua, na jina lake la kisayansi ni Euphorbia horrida. Lakini aliyetuleta hapa leo si yeye. Watakaosogea karibu wataona kwenye mbavu zake vijiti vya rangi ya kijani na manjano, vifupi kuliko punje ya mchele, na juu ya baadhi yake vitunda vyekundu vinavyong'aa, vikubwa kuliko vijiti vinavyovibeba. Hicho ndicho kirukia chetu, mmea unaoishi kwa kunyonya mmea mwingine, Viscum minimum, mojawapo ya virukia vidogo kabisa duniani. Kwao ni Afrika Kusini, hasa Rasi ya Mashariki, ambako huishi juu ya euforbia hii na ya jamaa yake wa karibu, Euphorbia polygona. Aliyekipa jina hilo ni William Henry Harvey, mwanabotania wa Ireland, katika karne ya 19.

Nianze na jambo ambalo asiyelijua huua mmea wake kwa mikono yake mwenyewe. Kirukia hiki hutoweka. Mbegu ikishanata na kupenya, kila kilichobaki nje hukauka na kudondoka, na kwa mwaka mmoja, mara nyingi zaidi, huoni kitu. Wengi hapo husema imekufa. Huhamisha chungu, hukata shina, au huacha kumwagilia. Kumbe wakati huohuo kirukia kipo, kimetandaza nyuzi zake ndani ya nyama ya shina kikiitafuta mishipa inayopandisha maji. Virukia vingi tunavyovijua kwenye miembe na michungwa hutoa majani kutoka pale pale mbegu iliponata. Hiki hakifanyi hivyo. Chipukizi la kwanza la mbegu halikui kabisa. Vijiti vyote utakavyoviona baadaye huchomoza kutoka ndani, pengine upande mwingine wa shina.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kumtunza mwenyeji, yaani euforbia inayokibeba. Kirukia hakina mizizi ya udongoni. Maji yote na madini yote hukipata kwake, ingawa kina ukijani wa kujitengenezea sehemu ya sukari yake. Mwenyeji akiyumba, kirukia huyumba kabla yake.

Chagua euforbia iliyokwisha kukomaa kidogo, yenye urefu wa sentimita 12 au zaidi na unene usiopungua kiganja cha mtoto. Kubwa zaidi ni bora, kwa sababu ina akiba. Iwe imekaa katika chungu chake kwa msimu mzima wa kukua, mizizi imeshika. Mwenyeji aliyehamishwa wiki iliyopita hafai. Chungu cha udongo wa kuchoma chenye upana wa sentimita 15 kinatosha, ila kiwe na tundu la kweli chini. Mchanganyiko wake ni sehemu moja ya udongo wa bustani au mboji iliyochekechwa kwa sehemu mbili za changarawe ya milimita 3 hadi 6, au mawe mepesi ya volkano kwa wanaoyapata. Mchanga laini wa pwani usitumie: hushikana ukawa kama saruji, tena una chumvi.

Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha subiri. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu, acha. Wakati wa joto mara nyingi huwa siku 10 hadi 14 kati ya maji na maji, na wakati wa baridi wiki 4 hadi 6. Kuna tofauti moja na euforbia isiyo na kirukia. Euforbia peke yake unaweza kuiacha ikasinyaa miezi mitatu, kisha ikarudi. Ikiwa na kirukia usiifikishe huko, maana vijiti hukauka mwenyeji angali na akiba. Mbolea iwe ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua tu, na yenye naitrojeni kidogo. Naitrojeni nyingi humnenepesha mwenyeji, ngozi hupasuka, na mpasuko ni mlango wa kuoza. Mwanga uwe mwingi. Jua la asubuhi ni zuri. La saa sita hadi saa tisa lipunguze kwa wavu, hasa kwa mmea uliozoea kukaa ndani.

Sasa mbegu. Tunda limeiva likiwa jekundu kabisa na likibonyea kidogo. Libane kati ya vidole viwili, ngozi itapasuka na mbegu itateleza nje imevikwa ulimbo. Naam, ulimbo huohuo wa kunasia ndege kwa tabia yake: hunata, huvutika uzi, kisha hukauka ukawa mgumu. Katika Kilatini neno viscum lilikuwa na maana zote mbili, mmea huu na ulimbo wenyewe. Mbegu ya kirukia haina ganda gumu la kuilinda kama la maharage. Ni kijani, ni hai, na haijui kulala. Haiwekwi kwenye bahasha hadi msimu ujao, wala haianikwi. Panda siku ileile unayoitoa.

Ichukue kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno na uiweke pembeni mwa ubavu mmoja wa shina, theluthi yake ya juu, mahali penye ngozi ya kijani. Sehemu ya chini iliyogeuka kahawia na kuwa kama gamba ni ngumu kupenyeka. Ilaze bapa, iguse ngozi kwa upana wake. Ikining'inia kwenye mwiba imepotea. Mwenyeji mmoja mwekee mbegu mbili au tatu tu, kila moja mbali na mwenzake kwa sentimita 4 hadi 5. Kisha usimwagie maji kwa juu kwa siku tatu, ulimbo ukauke.

Nasisitiza hapa: usimkwaruze mwenyeji ukidhani unaifungulia mbegu njia. Euforbia ikijeruhiwa hutoa maziwa, maziwa huifunika mbegu, hukauka, na mbegu hufa ndani ya ganda hilo. Kwenu ni hatari pia. Mnaoufahamu mnyaa mnajua maziwa yake yakiingia jichoni yanafanya nini. Ya huyu ni hivyohivyo. Vaeni miwani na glavu. Yakigusa jicho, lioshe kwa maji safi mengi mfululizo, kisha nenda hospitali.

Pamoja na mbegu za kwenye shina, nata moja kwenye kipande cha kioo na uiweke karibu na chungu. Itaota. Mbegu za virukia huota popote penye mwanga na joto, hata kwenye kioo, hata kwenye waya. Hazimhitaji mwenyeji ili ziote, zinamhitaji ili ziishi. Ile ya kioo ni shahidi wako. Ikiota na zile za kwenye shina zisiote, mbegu ilikuwa nzima na kosa ni la mahali au la maji. Isipoota hata hiyo, tunda lilikuwa changa au mbegu ilikwisha kukauka.

Baada ya wiki moja hadi tatu kitatokea kipembe cha kijani. Kitajipinda kukimbia mwanga, na kwa kuukimbia mwanga kitaelekea kwenye shina. Ndiyo maana chungu kisigeuzwe kipindi hiki. Ukikigeuza kila siku, upande wa mwanga unabadilika na kipembe kinahangaika hewani mpaka akiba ya mbegu inakwisha. Ncha ikigusa ngozi hupanuka ikawa kisahani kidogo kilichobana barabara, na kupenya huanzia chini ya kisahani hicho. Ukiona ukungu mweupe wakati huu, sababu yake mara nyingi ni ngozi ya tunda iliyoachwa na mbegu, au chungu kilichofunikwa kwa nailoni bila hewa. Sisimizi nao huja kwa utamu wa tunda. Viweke vyungu juu ya sahani ya maji, tundu la chungu likae juu ya kokoto lisiguse maji.

Kisha kimya. Mbegu itanyauka. Kama kisahani bado kimebana na hakitoki kwa kupulizwa, mchukulie mwenyeji kuwa ameambukizwa na uendelee naye kama nilivyoeleza. Andika tarehe kwenye kibao cha chungu. Tarehe hiyo itakuzuia kukitupa.

Dalili ya kwanza ni vivimbe vidogo kwenye ngozi, kama chunusi. Wengi huvidhania wadudu gamba na kuvikwangua kwa ukucha. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mdudu gamba hubanduka mzima na chini yake ngozi ni salama, kivimbe cha kirukia kimetoka ndani na hakibanduki. Muda si mrefu kitapasua na kijiti kitachomoza. Maua ni madogo mno, ya kiume na ya kike kwenye mmea mmoja, kwa hiyo chungu kimoja chaweza kuzaa. Matunda huchukua miezi mingi kuiva. Hayaliwi, watoto wasiyafikie.

Kuhusu wadudu, adui mkubwa ni vidung'ata, wale weupe kama pamba. Waguse mmojammoja kwa pamba iliyochovywa spiriti ya asilimia 70, bila kugusa vijiti vya kirukia. Dawa za mafuta huziba matundu ya kupumulia na huacha madoa. Dawa za kumwagia kwenye udongo zinazopanda na maji mimi sizishauri kabisa, kwa sababu kirukia kipo mwisho wa njia hiyo ya maji na dawa hufika kwake.

Nimeulizwa kama vijiti vikizidi vikatwe. Unaweza kuvivunja kwa kidole ili kumpunguzia mwenyeji mzigo, lakini kirukia chenyewe kimo ndani na kitachomoza tena. Kukiondoa kabisa ni kukata sehemu ya shina. Na mwenyeji akianza kuoza chini, muda wako ni mfupi: kata juu, penye nyama safi isiyo na doa, futa maziwa, acha jeraha likauke wiki mbili hadi tatu kivulini, ndipo usimike kwenye changarawe kavu. Kipande chenye nyuzi za kirukia kikitoa mizizi, kirukia kinaendelea nacho. Hakuna njia ya kupandikiza kijiti cha kirukia peke yake. Ndiyo sababu kila mavuno ya matunda mwekee mbegu mwenyeji wa pili, awepo wa akiba.

Swali la mwisho ni la kupata mmea. Euforbia za mashina manene zimo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali, na kimelea chochote cha mimea kinahitaji ruhusa ya mamlaka ya afya ya mimea: KEPHIS kwa walio Kenya, TPHPA kwa walio Tanzania. Msinunue iliyong'olewa porini. Msiagize mbegu kwa posta pia, zitafika zimekufa. Agizeni mwenyeji aliyekuzwa kitaluni, mwenye vijiti vilivyokwisha kuchomoza, na kabla ya kulipa mtakeni muuzaji apige picha ya sehemu ya chini ya shina, pale linapokutana na udongo. Pakiwa laini au peusi, msimchukue.