Kiroba cha sukuma wiki uani kwako: siri iko kwenye kokoto za katikati

Haya habarini jamani, karibuni uani kwangu Mbagala. Leo tunapanda mboga kwenye kiroba, kile kile cha salfeti cha kilo 50 kilichokuja na mchele au unga, alafu mwishoni nitagusia ndoo na kituta cha tofali kwa mwenye nafasi zaidi. Najua wengi mmeshajaribu mkaacha, maana miche ya juu inapendeza na ya chini inakauka wiki ya pili tu. Kiroba changu cha kwanza kilinifanyia hivyo hivyo, namwagilia asubuhi, namwagilia jioni, nadhani ni jua, kumbe maji yanalowesha shibiri moja ya juu alafu yanatokea pembeni kwenye matundu. Nilipokipasua nikakuta udongo wa katikati ni vumbi kabisa kama la barabarani. Iliniuma kwa kweli. Kwahiyo leo nitakaa sana kwenye kokoto, mnivumilie, maana hapo ndo kiroba kinapona au kinakufa.

Tuandae vitu. Kiroba kisafi, ndoo ya lita 20 ya kupimia, kokoto nusu ndoo, wembe, chepe, na kopo la maziwa ya unga tupu ambalo umelikata kitako, yani liwe wazi juu na chini kama kipande cha bomba. Kama kiroba kina nailoni ndani, itoe, ile inazuia maji kutoka na mizizi inaoza. Na kiroba au dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu usilitumie kwa chakula, hata ulioshe mara kumi.

Sasa udongo. Huku kwetu ni kichanga, maji yanapita mbio, kwahiyo mimi naweka ndoo 2 za udongo na ndoo 1 na nusu ya samadi, basi. Wewe ambaye uko kwenye mfinyanzi, ule unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha, weka ndoo 1 na nusu ya udongo, 1 ya samadi na 1 ya mchanga au pumba za mpunga ili upate hewa. Samadi lazima iwe imeoza. Kuna mtu aliniuzia akaniapia kabisa kwamba ni ya zamani, siku ya nne majani yote yakaungua pembezoni yakawa ya kahawia, miche 18 ikaenda. Tangu hapo nachomeka mkono katikati ya rundo, nikisikia joto au harufu kali naiacha. Ya kuku ni kali zaidi, hata ikiwa imeoza weka nusu ya kipimo. Changanya, nyunyizia maji kidogo, alafu finya donge kwenye ngumi. Fungua mkono, ona hapa, limeshikana, naligusa kwa kidole linavunjika. Hapo safi. Likibaki gumu ongeza mchanga au pumba, lisiposhikana kabisa ongeza samadi.

Kabla ya kujaza chagua mahali pa kudumu, kikishajaa hukisogezi tena, ni kizito mno. Sukuma, chainizi, mchicha zinataka jua la masaa manne matano kwenda juu, nyanya na hoho zinataka sita. Panga tofali tatu chini ili maji yapate pa kutokea. Kunja mdomo wa kiroba kwa nje mpaka kibaki kifupi, kisimame kama kikapu, utakuwa unakikunjua kadri unavyopanda juu.

Sogeeni karibu hapa. Tandaza kokoto kidogo chini kabisa. Simamisha kopo katikati, lijaze kokoto mpaka juu. Sasa weka udongo kuzunguka kopo, ulingane nalo kimo, ukandamize kwa kiganja taratibu, usikanyage wala kushindilia kwa chepe maana mizizi itakosa pa kupita. Alafu shika kopo, lizungushe kidogo kushoto kulia huku unalivuta juu, utasikia kokoto zinashuka, zile sauti za kukwaruza ndo tunazitaka. Libakize limezama vidole viwili tu, lijaze tena kokoto, udongo tena pembeni, vuta tena. Kwenye kiroba hiki narudia kama mara nne tano hivi. Ukimaliza una nguzo ya kokoto kutoka chini mpaka juu, imesimama katikati ya udongo. Kopo toa, kokoto za juu ziache zionekane, usizifukie, hapo ndo mdomo wa kumwagia maji.

Acha vidole vitatu kutoka ukingoni. Mwaga maji kwenye kokoto taratibu na jagi mpaka uone yanachuruzika chini kwenye tofali. Mnaona? Yamefika. Udongo utashuka kidogo, kiache siku mbili, ongezea udongo juu, ndo upande.

Miche nachukua ya kitaluni yenye majani manne au matano, na napanda jioni ili ipate usiku mzima wa kutulia. Pembeni ya kiroba pima shibiri moja kutoka chini, kata tundu dogo la V kwa wembe, ncha iangalie chini. Ukikata kubwa udongo utakuwa unamwagika kila ukimwagilia. Shibiri nyingine, tundu lingine, zunguka hivyo, na mstari wa juu yake usiwe sawasawa na wa chini, weka katikati ya nafasi, kila jani lipate jua lake. Toboa shimo kwa kidole likielekea ndani na chini kidogo, ingiza mizizi yote bila kuikunja, bana udongo kwa vidole viwili, shina libaki nje. Hapa nimepata mistari mitatu ya miche sita sita, na juu nimeweka minne kuzunguka kokoto. Jumla 22 kwenye nafasi ya beseni moja! Kule Kibera, Nairobi, watu walipanda hivi kwa wingi kuanzia 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, chakula kilikuwa shida na ardhi hakuna, na vichochoro vyao ni vyembamba kuliko uwa wangu huu.

Kumwagilia: maji mengi yapitie kwenye kokoto, kidogo juu. Kipindi cha jua kali kila siku, mawingu yakiwepo chomeka kidole kwenye tundu la chini, kukiwa na unyevu acha. Maji ya kuoshea mchele na mboga tumia, ya sabuni ya unga ya kufulia hapana.

Mwenye ndoo au dumu la lita 20, toboa matundu sita saba kitakoni na mengine mawili ubavuni karibu na chini, kokoto kidogo, udongo ule ule, nyanya mche mmoja au hoho miwili, mti wa kuegemea uuchomeke siku hiyo hiyo ya kupanda ili baadae usikate mizizi. Kituta cha tofali kisizidi mita moja upana, mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili usije ukakikanyaga, kimo sentimita 30 inatosha. Chini tandika maboksi ya karatasi, nyasi zinakosa mwanga na maboksi yenyewe yanaoza yanakuwa udongo.

Wadudu, angalieni hasa mgongoni mwa jani, vidukari wanajibana pale kwenye mishipa, wadogo wa kijivu kama unga. Nikiwaona mapema nawafuta kwa kidole. Wakizidi natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku mzima, nachuja, naweka sabuni ya kipande kidogo ishike kwenye jani, napuliza jioni. Na kama unafuga kuku zungushia wavu mapema tafadhali, kuku anamaliza kiroba chote asubuhi moja.

Mchicha ukiupanda mbegu unakula wiki ya tatu ya nne, sukuma ya miche kama mwezi na nusu. Kiroba hiki cha pili hapa kimefika. Unaanza na jani la chini kabisa, unashika kikonyo karibu na shina, unalivuta kuelekea chini, tak, linaachia lenyewe. Kule juu bakiza majani manne matano mche uendelee kupumua. Kila wiki mbili tatu konzi mbili za samadi juu, na ule mche wa chini kabisa, ambao zamani ndo ulikuwa wa kwanza kukauka, ebu uangalieni leo ulivyo na jani pana kama kiganja changu.