Sabuni ya Bloemfontein: Waliberali na serikali ya vita, 1899–1902

REHEMA: Habari za wakati huu, wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Baraka kama kawaida. Leo tunakwenda Afrika Kusini ya mwaka 1901, ingawa mazungumzo mengi yatakuwa London, ndani ya Bunge na kwenye kumbi za mikutano. Tunataka kujua ilikuwaje kwa Waliberali, chama cha upinzani, kuikosoa serikali ya chama cha Wahafidhina wakati askari wako vitani.

BARAKA: Asante dada Rehema. Nianze na jambo moja ili tusichanganyane. Mtu wa rika letu akisikia "Kaburu", mawazo yanakwenda kwa Mandela gerezani, kwa wapigania uhuru waliokaa Mazimbu pale Morogoro. Makaburu wa kipindi chetu cha leo, Wazungu wenye asili ya Kiholanzi, ni babu zao wale watawala wa ubaguzi wa baadaye. Walikuwa na jamhuri mbili, Transvaal na Orange Free State, na Waingereza wakaenda kuzichukua. Vita vilianza tarehe 11 Oktoba 1899.

REHEMA: Na aliyekuwa madarakani Uingereza?

BARAKA: Waziri Mkuu ni Lord Salisbury, Mhafidhina, akishirikiana na kundi la Waliberali waliojitenga na chama chao kwa sababu ya suala la Ireland kujitawala. Lakini mambo ya Afrika yalikuwa mikononi mwa Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni. Pale Cape Town walikuwa na mwakilishi wao mkuu, Alfred Milner. Kulikuwa na dhahabu ya Witwatersrand, kule Transvaal, kulikuwa na madai ya kura kwa wageni waliojazana Johannesburg, na kulikuwa na hamu ya kuiweka Afrika Kusini yote chini ya bendera moja. Salisbury mwenyewe hakuwa na moyo na vita hivi. Agosti 1899 alimwandikia Waziri wa Vita akilalamika kwamba wanasukumwa kwenye mapambano makubwa kwa ajili ya watu wanaowadharau, na kwa ajili ya nchi isiyowaletea faida wala nguvu.

REHEMA: Na bado akaenda.

BARAKA: Akaenda.

REHEMA: Hapo ndipo panaponichoma. Kiongozi anajua moyoni kwamba jambo halifai, anaandika kabisa kwenye barua, halafu anatuma watoto wa watu. Karibu wanajeshi 22,000 wa upande wa Uingereza walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi, homa ya matumbo hasa, kuliko risasi. Gharama ikapita pauni milioni 200.

BARAKA: Na hiyo hela ndiyo silaha ya kwanza aliyoishika David Lloyd George. Wakati huo ni mbunge kijana kutoka Wales, hajawahi hata kuwa waziri. Chamberlain na wenzake walikuwa wamezungumzia pensheni ya wazee kwenye uchaguzi wa 1895, na pensheni haikuja. Basi Lloyd George akasimama mbele ya watu wake mwishoni mwa 1899 akawaambia kwamba kila kombora linalopasuka kwenye vilima vya Afrika linaondoka na pensheni ya mzee mmoja.

REHEMA: Mtu wa kawaida anaelewa hapo hapo. Bibi yake yuko nyumbani hana kitu.

BARAKA: Na haikuishia kuwa maneno ya jukwaani. Alipokuja kuwa Waziri wa Fedha, sheria ya pensheni ilipita mwaka 1908, na malipo yakaanza Januari 1909, shilingi tano kwa wiki kwa waliofikisha miaka 70. Lakini tukirudi nyuma, mwaka 1900 kusema hivyo kulikuwa na bei. Mei ile mji wa Mafeking, kule Afrika Kusini, ulipookolewa kutoka kwenye mzingiro wa Makaburu, London ilikesha barabarani ikishangilia. Serikali ikaona upepo uko upande wake, ikaitisha uchaguzi Septemba na Oktoba. Ndio ule walioupa jina la uchaguzi wa kaki, kwa sababu ya sare za jeshi. Kauli iliyosambazwa ilikuwa kwamba kila kiti ambacho serikali inapoteza ni kiti kwa Makaburu.

REHEMA: Yaani mpinzani wako kwenye jimbo anageuzwa adui wa nchi.

BARAKA: Ndiyo. Na ikafanya kazi. Wahafidhina na washirika wao walipata viti 402 kati ya 670.

REHEMA: Tuseme ukweli pia, kaka Baraka, Waliberali wenyewe walikuwa wamevurugana. Kina Asquith, Grey na Haldane waliunga mkono vita, wakiongozwa na Lord Rosebery. Upande mwingine kina Lloyd George na John Morley walivipinga waziwazi. Na kiongozi wa chama, Sir Henry Campbell-Bannerman, amekaa katikati anajaribu kuwashika wote wasisambaratike. Kwa karibu miaka miwili alipima maneno. Aliyemfanya aache kupima ni mwanamke mmoja.

BARAKA: Emily Hobhouse. Hebu msimulie wewe.

REHEMA: Turudi kidogo. Kufikia katikati ya 1900 Waingereza wameshaiteka miji mikuu, lakini Makaburu hawakusalimu amri, wakaingia porini kupigana kwa kuvizia. Jenerali Roberts, na baada yake Kitchener, wakaanza kuchoma mashamba. Nyumba karibu 30,000 zilichomwa. Mifugo ikauawa, mazao yakateketezwa, na wanawake na watoto wakapakiwa kwenye mabehewa wakapelekwa kambini. Serikali ikawaita wakimbizi. Emily, binti wa kasisi wa Cornwall, anasikia habari hizi London, anachangisha fedha, anafika Cape Town Desemba 1900. Milner anampa ruhusa na behewa la mizigo, lakini Kitchener anasema mwisho wako Bloemfontein, mji mkuu wa Orange Free State. Tarehe 24 Januari 1901 anaingia kambini.

BARAKA: Na alivyokuwa anaandika! Hakuandika kama mwanasiasa.

REHEMA: Hata kidogo. Anakuambia hema moja lina watu wangapi, jua linavyowaka juu ya turubai, nzi walivyotapakaa. Siku moja amekaa hemani kwa mama mmoja, akaingia nyoka, kifutu. Watu wakakimbia nje. Emily akamkabili kwa mwavuli wake wa jua, kwa sababu usiku watu wale wanalala chini, na hakutaka nyoka yule abaki huru. Halafu anauliza, mbona hakuna sabuni? Anajibiwa kwamba sabuni ni kitu cha anasa. Watoto wanaendesha, hakuna sabuni. Maji yanatoka mto Modder, machafu, na kuni za kuyachemsha hazitoshi. Na kuna jambo ambalo sijawahi kulimeza: familia ambazo baba au kaka alikuwa bado porini anapigana zilipewa chakula pungufu.

BARAKA: Mtoto ananyimwa nyama kwa kosa la baba yake.

REHEMA: Mtoto! Ameshakaa kwenye hema, analishwa kidogo ili baba yake asalimu amri. Hiyo ni sera, iliandikwa, ina viwango vyake. Baadaye viwango vile viwili viliondolewa baada ya kelele.

BARAKA: Basi anarudi Uingereza. Juni 1901 anaonana na Brodrick, Waziri wa Vita, ambaye anamsikiliza kwa adabu na hamuahidi chochote cha maana. Halafu anakwenda kwa Campbell-Bannerman. Yule mzee anakaa naye muda mrefu, anauliza swali baada ya swali. Kesho yake jioni, tarehe 14 Juni, kuna chakula cha Waliberali katika mkahawa wa Holborn. Anasimama kuhutubia. Anasema watu wanapenda kusema vita ni vita, lakini ukiuliza unaambiwa siku hizi hakuna vita. Anauliza: ni lini vita huwa si vita? Anajibu mwenyewe: vinapoendeshwa kwa mbinu za kishenzi Afrika Kusini.

REHEMA: Kiongozi wa upinzani, vita havijaisha.

BARAKA: Magazeti ya upande wa serikali yalimshukia. Ametukana jeshi, ni rafiki wa adui. Ndani ya chama chake pia wakachukia. Siku tatu baadaye Lloyd George anapeleka hoja Bungeni kuhusu kambi hizo. Serikali inashinda kwa kura 252 dhidi ya 149, na Waliberali kama 50 wa upande wa Asquith hawakupiga kura.

REHEMA: Kwa hiyo walishindwa.

BARAKA: Kwa kura, ndiyo. Lakini baada ya hapo serikali ikaunda tume ya wanawake chini ya Millicent Fawcett. Ilikuwa na watu iliowaamini, Fawcett mwenyewe aliunga mkono vita, na Emily hakuwekwa. Alipojaribu kurudi mwenyewe Oktoba 1901, walimzuia kushuka melini Cape Town, kisha wakambeba kwa nguvu hadi meli nyingine na kumrudisha kwao. Hata hivyo ile tume ilikwenda, ikaona, ikarudi na ripoti iliyothibitisha mengi ya aliyoyasema. Mwezi ule wa Oktoba vifo vilikuwa kwa kasi ambayo, ingeendelea mwaka mzima, ingeua watu 344 katika kila 1,000. Kambi zikaondolewa mikononi mwa jeshi zikapewa utawala wa kiraia, na vifo vikashuka sana mwaka 1902.

REHEMA: Nami nakubali kwamba zile kelele ziliokoa watu. Aliyesema "nyamazeni mpaka vita viishe" alikuwa anaomba watoto zaidi wafe. Na waliokataa kunyamaza waliweka miili yao hatarini. Desemba 1901 Lloyd George alikwenda kuhutubia Birmingham, mji wa Chamberlain mwenyewe. Maelfu ya watu wakauzingira ukumbi, madirisha yakavunjwa kwa mawe, na ilibidi atolewe amevaa sare ya polisi.

BARAKA: Kwa jumla, Makaburu karibu 28,000 walikufa kambini, na zaidi ya 22,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 16.

REHEMA: Sasa kaka Baraka, ruhusu niingie ninapotaka kuingia tangu mwanzo. Mashamba yale hayakuwa na Makaburu peke yao.

BARAKA: Kweli.

REHEMA: Kulikuwa na Waafrika. Wafanyakazi wa mashambani, wapangaji, watu wenye ng'ombe na mahindi yao wenyewe. Nao walichomewa. Nao walikusanywa. Kambi zao zilikuwa zaidi ya 60, na watu kiasi cha 115,000 walikuwamo vita vilipokuwa vinaisha. Wanaume walifanyishwa kazi za jeshi, na familia zikatakiwa kulima au kununua chakula. Vifo vilivyoandikwa vimepita 14,000, na wanahistoria wanaamini idadi kamili ilipita 20,000, kwa sababu uandishi ulikuwa wa ovyo. Mwezi mbaya kuliko yote ulikuwa Desemba 1901, mwezi ule ule ambao kule kwa Makaburu mambo yalikuwa yameanza kutengenezwa. Nani alisimama Holborn kwa ajili yao?

BARAKA: Hakuna. Emily aliandika kwamba kambi za Waafrika zinahitaji kuangaliwa na akaomba wengine wafuatilie, lakini yeye hakwenda. Tume ya Fawcett nayo haikwenda.

REHEMA: Ndio maana nikisoma ile hotuba ya Campbell-Bannerman naiheshimu na inaniumiza kwa pamoja. Alikuwa na ujasiri. Lakini aliowaona walikuwa Wazungu waliotendewa vibaya na Wazungu.

BARAKA: Ningemtetea kidogo. Alizungumza kwa alichoelezwa na shahidi aliyetoka huko.

REHEMA: Mwaka 1901, sawa. Lakini 1906 yeye ni Waziri Mkuu, Waliberali wameshinda uchaguzi kwa kishindo. Taarifa zote ziko mezani. Mkataba wa amani wa tarehe 31 Mei 1902 ulikuwa na kifungu cha nane, kwamba suala la kura kwa Waafrika wa zile jamhuri lisiamuliwe mpaka wapewe serikali yao wenyewe. Yaani liamuliwe na Makaburu. Kifungu hicho ni cha Wahafidhina. Nani alikitekeleza? Waliberali. Transvaal ikapewa serikali yake, kisha Orange, na kura ni ya wanaume wa Kizungu.

BARAKA: Hapo sina la kutetea. Mwaka 1909 walipoleta sheria ya Muungano wa Afrika Kusini, Campbell-Bannerman ameshafariki, Waziri Mkuu ni Asquith. Ujumbe ulisafiri hadi London kupinga: W. P. Schreiner, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape, na pamoja naye viongozi Waafrika John Tengo Jabavu na Walter Rubusana. Walikuwa wanadai haki ya Mwafrika kuingia bungeni. Asquith akasema anasikitika, anatumaini Waafrika Kusini watarekebisha wenyewe. Keir Hardie, mbunge wa chama cha Leba, alipinga. Sheria ikapita.

REHEMA: Na mwaka 1913 ikaja Sheria ya Ardhi, iliyowabakizia Waafrika kama asilimia 7 ya nchi. Nataka tuipe kipindi chake chote, kwa sababu Sol Plaatje, mwandishi Mwafrika aliyeandika shajara ndani ya mzingiro wa Mafeking, ndiye huyo huyo aliyezunguka mashambani kuwasikiliza waliofukuzwa na sheria hiyo.

BARAKA: Tufanye hivyo wiki ijayo. Kabla hatujafunga, kuna kipande cha nyumbani. Baada ya vita baadhi ya Makaburu hawakutaka kuishi chini ya Mwingereza kule kwao, wakapanda kaskazini. Wengine walifika miteremko ya Meru, upande wa Arusha, chini ya Wajerumani. Wengine mwaka 1908 walikwenda na mikokoteni ya ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu, Kenya, ulipokuja kuota mji wa Eldoret, ambao wenyeji waliuita Sisibo.

REHEMA: Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na wazazi wake jinsi walivyofika, na ardhi ile ilikuwa ya nani kabla yao, muombe ruhusa umrekodi, hata kwa simu, kisha ututumie sauti yake. Tutaisikiliza yote.