Paka Akikuuma Usingoje Kesho

Haya hamjambo wazee, wamama, vijana, na nyinyi watoto mko hapo mbele kwa mkeka. Tumeitwa tuongee juu ya magonjwa ya paka na najua kuna wenye wamekuja wakifikiria nitasema paka watolewe kwa ploti. Hapana. Panya tuko nao wa kutosha hapa Nairobi, paka wakae. Ile kitu nataka muelewe leo ni kwamba kidonda cha jino la paka kinaonekana kidogo na si kidogo, so ukiumwa unaenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mbwa akikuuma anararua, nyama inafunguka, damu inamwagika, ploti yote inapiga nduru unawekwa kwa boda unapelekwa. Paka akikuuma unaona vitundu viwili kama vya sindano, damu tone moja, unapangusa na leso unaendelea kukata sukuma. Na hapo ndio kuna shida, juu lile jino ni jembamba na limeingia ndani, pengine limefika kwa ule mshipa unakunja kidole ama kwa kiungo chenyewe, limeacha bakteria huko chini halafu ngozi ikajifunga juu. Bakteria mwenyewe anaitwa Pasteurella multocida, jina limetoka kwa Louis Pasteur yule mwanasayansi wa Ufaransa, na anaishi kwa mdomo wa paka wengi sana, hata yule msafi analala kwa kochi. Paka hasumbuliwi naye. Kwa watu 100 wenye wameumwa na paka, kati ya 30 na 50 hivi kidonda kinapata maambukizi, na inakuja haraka, baada ya masaa 12 mpaka 24 mkono umeshaanza kuuma vibaya. Vitabu vinasema mtaona wekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usiuone, so gusa. Hapo mahali pana joto kuliko mkono ule mwingine, pamevimba, ngozi imevutika inang'aa, na kidole kukinyoosha ni taabu. Ukifika hapo usiseme nitalala kwanza nione asubuhi, tafadhali.

Kitu cha kwanza kabisa ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, na dakika 15 ni ndefu, weka simu ikuhesabie. Kama mfereji umekauka mtu akumwagilie pole pole na jerikeni. Usipake majivu wala mafuta ya taa, na usifunge na plasta ikakaza. Ukifika hospitali sema wazi ni paka, juu kuna pia kichaa cha mbwa, hiyo ni virusi si bakteria lakini paka pia anaweza kukupatia, wakuangalie kama unahitaji chanjo hiyo na ya pepopunda.

Sasa nisikizeni hapa kwa duka la dawa. Najua tunaenda dirishani tunasema nipatie kitu ya kidonda, unapewa flukloksasilini ama erithromisini, unameza siku tano na mkono unaendelea kuvimba. Hizo mbili hazimwezi vizuri huyu bakteria wa paka. Yenye madaktari wanatumia sana ni amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, na daktari ndiye anaamua, hasa kama penisilini inakudhuru ama una kisukari, ama ulishatolewa wengu.

Makucha nayo yana bakteria mwingine, Bartonella henselae. Huyu anasambazwa na viroboto kati ya paka na paka, kinyesi cha kiroboto kinaingia kwa makucha paka akijikuna, halafu mtoto anacheza na kipaka kidogo anakwaruzwa. Inatoka kipele, wiki moja mpaka tatu baadaye mitoki inavimba kwapani ama shingoni, na mama anakosa usingizi akiwaza TB. TB ipimwe, ndio, lakini mwambie daktari nyumbani kuna paka, juu yeye haoni paka wako. Kwa wengi huu ugonjwa wa makucha ya paka unaisha wenyewe. Ndugu zetu wenye kinga imeshuka sana kwa sababu ya virusi vya ukimwi, hao inaweza kuwatoa vinundu vyekundu ama vya zambarau kwa ngozi, wasikae nyumbani.

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, hasa akilishwa matumbo mabichi. Osha mikono. Wamama wajawazito, ile ingine mnaogopa ya kinyesi cha paka, toksoplasma, ni kimelea, si bakteria, nikimaliza mnione tuongee.

Mama hapo nyuma ameuliza swali nzuri, viroboto wauliwe na nini. Nenda kwa daktari wa mifugo ununue dawa imeandikwa ni ya paka, inapimwa na uzito wake. Ile ya mbwa usimwekee, angalia pakiti, nyingi zina pamethrini, na ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa. Anaanza kutetemeka, anashikwa na degedege, anakufa. Kama umeshampaka, muoshe saa hiyo na sabuni ya vyombo na umkimbize kwa daktari.