Walioilinda Barabara ya Lukaya

Ndugu zangu, nimelisema hili kila nilipoalikwa, na leo nalirudia: Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, tunavisimulia kwa miji tu. Mutukula, Masaka, Kampala! Barabara iliyopita kati ya miji hiyo, na askari aliyewekwa kuilinda, nani anawataja?

Itazameni Lukaya. Ukitoka Masaka kwenda Kampala, barabara kuu inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Kifaru hakiwezi kuchepuka pale. Kikitoka kwenye tuta kinazama. Machi 1979 waliokuwa mahali hapo ni Brigedi ya 201 ya jeshi letu la Tanzania, na wengi wao walikuwa mgambo. Hawa hawakuwa wanajeshi wa miaka mingi. Wengine miezi michache tu nyuma walikuwa shambani. Tarehe 10 jeshi la Amin likawajia pamoja na askari wa Libya waliokuja kumsaidia, wana vifaru, wana makombora ya Katyusha, yale yanayorushwa mengi kwa mpigo. Brigedi ikatawanyika, watu wakaingia kinamasini.

Hapo daima kuna mtu ananiambia, “Mzee, si walikimbia hao?” Jamani! Walitawanyika, ndiyo. Sasa niambieni nyinyi: kesho yake ni nani waliorudi? Adui aliikuta njia ya Masaka iko wazi, akabaki Lukaya badala ya kusonga mbele. Usiku ule Brigedi yetu ya 208 ikazunguka kwa mbali hadi ikatokea nyuma yake, upande wa Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 ikampiga kutoka huko, na kutoka mbele wakaja wale wale wa 201, waliojipanga upya gizani. Aliyekwisha kuonja makombora jioni, akarudi asubuhi kwenye tuta lile lile, huyo mnamwita mwoga? Mimi sikubali, na sitakubali.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa imetekwa. Picha zote ni za huko.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza vizuri habari za daraja la Kyaka, huku kwetu Tanzania, itabidi niseme kwa ufupi: daraja lile lilivunjwa na majeshi ya Amin Novemba 1978, na bila kuvuka tena mto Kagera tusingefika hata Mutukula, pale mpakani. Wahandisi wa jeshi waliotuvusha nao tuwaulize wangali hai. Wengi ni wazee sasa. Mwalimu wa historia aliye hapa aanze na walio kijijini kwake, mwezi huu huu.